Maktaba za Marekani, shule ya ukubwani na kusaka kazi: nani ni nani mle ndani

Kuna dada mmoja tunasali naye, mzaliwa wa Uvira, aliingia Marekani kwa ukimbizi na watoto watatu, vyeti hana hata kimoja, vyote vilibaki huko vita ilikopita. Watu wakamwambia we nenda maktaba tu, pale wanatoa GED bure, ile ya mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. Nikampeleka. Kufika kaunta akasema nataka GED, binti wa kaunta akamjibu kwa upole kabisa kwamba sisi hatutoi GED, tuna darasa la kujiandaa, ila darasa lenyewe hatufundishi sisi, na ili uingie lazima upimwe kwanza, kupimwa ni Jumanne wiki mbili zijazo, na mtihani wenyewe unafanyikia sehemu nyingine na kuna hela ya kulipa. Dada akarudi kwenye gari akafunga mkanda akasema, "Kaka, hawa nao wananizungusha kama ofisi za kwetu."

Na nilimwelewa, manake mwaka wangu wa kwanza hapa na mimi niliona hivyo hivyo. Kumbe hamna aliyekuwa anamzungusha. Shida ni kwamba jengo ni moja, bango la nje ni moja, lakini mle ndani kuna wenyeji wanne au watano, kila mmoja na hela yake, masharti yake na bosi wake, na hamna mtu anayekaa mlangoni kukueleza nani ni nani. Ukishawajua wenyeji, ule mzunguko wote unaeleweka, unajua swali gani umuulize nani, na unajua kipi ni bure kweli na kipi ni bure ya mlangoni tu.

Kwanza tukubaliane kwamba sisi tunakuja na picha tofauti kichwani. Maktaba kwetu ni ile Maktaba Kuu ya Dar, Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na toka enzi hizo watu wamekaa mle kusomea mitihani kimya kimya, ukikohoa mara mbili unatupiwa jicho. Elimu ya watu wazima ni kitu kingine kabisa, hiyo ni kisomo, 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na bibi zetu wakakaa kwenye madawati ya watoto jioni wakajifunza kuandika majina yao. Na kazi je, kazi unaitafuta kwa mjomba, au unazunguka na bahasha ya kaki mkononi. Vitu vitatu, sehemu tatu. Hapa Marekani vyote vitatu vimejikuta chini ya paa moja, na kwa kweli havikupangwa viwe hivyo, vimekusanyana vyenyewe kidogo kidogo.

Kilichovikusanya zaidi ni intaneti. Waajiri walipoacha fomu za karatasi wakahamia onlaini, mtu wa kufagia ghala na mtu wa kukaanga chipsi wote wakatakiwa kuwa na imeili, pasiwedi na masaa mawili ya kujaza fomu, na wasio na kompyuta nyumbani wakabaki na sehemu moja tu yenye kompyuta ya bure. Afu ikaja mdororo wa 2008, watu wakafukuzwa kazi kwa mamilioni, foleni za maktaba zikafika mlangoni. Chuo Kikuu cha Washington kilifanya utafiti kwa hela ya taasisi ya Gates, wakatoa ripoti 2010, wakakuta watu kama milioni 77 walitumia kompyuta au intaneti ya maktaba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 40 kati yao, yaani watu milioni 30, ni mambo ya kazi. Hapo ndo utaelewa kwa nini mkutubi aliyesomea kupanga vitabu leo anajua kuunda akaunti ya Indeed, ile tovuti ya kusakia kazi, kuliko kijana wako wa chuo.

Haya, mwenyeji wa kwanza ni maktaba yenyewe. Hii ni mali ya mji au kaunti, na hela yake kwa sehemu kubwa ni kodi za hapo hapo mlipo, ndo maana maktaba ya mtaa wa matajiri ina sofa na ya upande wa pili inafungwa saa kumi na mbili jioni. Na ndo maana kadi haisafiri ovyo. New York peke yake ina mifumo mitatu isiyo na undugu wa damu, New York Public Library inashika Manhattan, Bronx na Staten Island, Brooklyn wana yao na Queens wana yao. Mtu akikwambia "kule kwetu maktaba inakupa laptop wiki tatu" usiende kugombana na maktaba yako, ni kaunti nyingine hiyo, ni kama kudai huduma za Mombasa ukiwa Kisumu.

Kadi ndo funguo. Wanachotaka kwa kawaida ni kitambulisho chenye picha na kitu kinachoonyesha unaishi hapo, bili ya umeme, mkataba wa nyumba, barua yenye jina lako, maktaba nyingi zinakubali hata barua ya shirika lililokupokea. Habari ya makaratasi ya uhamiaji haihusiani na kuazima kitabu. Najua watu wengi wa jamii yetu wanaogopa, wanadhani ukiandikisha jina pale linaenda kwa serikali. Majimbo 48 na Washington DC yana sheria za kulinda siri ya ulichosoma na ulichoazima, na mawili yaliyobaki, Hawaii na Kentucky, yana msimamo wa mwanasheria mkuu wao wa kulinda hivyo hivyo. Sisemi polisi hawawezi kwenda na amri ya mahakama, wanaweza, ila mkutubi hatoi tu kwa kuombwa, na maktaba nyingi zinafuta rekodi ya kitabu ukisharudisha. Nimeona wakutubi wakali kwenye hili kuliko mapadri kwenye kitubio.

Kwa kadi hiyo unapata kompyuta, printa ya senti 10 au 15 kwa ukurasa, skana, chumba cha kujifungia kwa ajili ya intavyuu ya video, na maktaba nyingi zinaazimisha hata kile kidude cha Wi-Fi unarudi nacho nyumbani. Kuna sehemu zimeenda mbali zaidi, tawi la Paschalville la maktaba ya Philadelphia lilianza kuazimisha tai za kuvaa kwenye intavyuu, na 2018 tawi la Riverside pale Manhattan likaanza kuazimisha tai, mikoba na mabegi ya ofisini. Unaazima tai kama unavyoazima riwaya, unarudisha. Mimi hiyo ilinichekesha sana mpaka nilipokumbuka jamaa yangu aliyeenda intavyuu ya benki na jaketi la baridi la kazini kwake, limeandikwa jina la kampuni ya kuzoa taka mgongoni.

Ila kompyuta za maktaba zina tabia yake na bora nikwambie mapema. Muda mwingi ni saa moja, na ukiisha mashine inajifunga na kufuta kila kitu ulichoandika, ni kwa ajili ya usalama wako ili anayekaa baada yako asikute namba zako. Mimi sikujua. Nilikuwa naomba kazi ya ghala, fomu ina kurasa nane, wanataka kila kazi uliyofanya miaka kumi nyuma na simu ya bosi wa kila sehemu, sasa simu ya bosi wa karakana ya Temeke miaka hiyo naitoa wapi, nikawa naipekua kwenye WhatsApp. Kona ya chini kikatokea kidirisha cha njano kinahesabu dakika tano, nne, tatu. Nikadhani ni tangazo. Nikakifunga. Nikiwa ukurasa wa saba kioo kikawa cheusi, kikarudi kile cha mwanzo, "Karibu." Nilikaa pale nikiangalia lile neno. Mzee aliyekuwa pembeni yangu, Mmarekani mweusi na miwani yake imefungwa kwa selotepu, akaniambia bila kugeuka, andika kwanza kwenye imeili yako, afu ndo unabandika. Toka siku hiyo nina rasimu moja kwenye imeili ina anwani zote, tarehe zote, majina ya mabosi wote, na ukimwomba mkutubi kabla muda haujaisha huwa anakuongezea kama hamna anayesubiri. Omba ukiwa na dakika kumi, usisubiri mbili.

Mwenyeji wa pili ndo yule aliyemchanganya dada yetu, shule ya watu wazima. Hapa ndo pana mafundo mengi. Kuna sheria inaitwa WIOA, Obama aliisaini Julai 2014, ndo inayoshikilia hela za serikali kuu za mafunzo na ajira. Sehemu yake ya pili ndo elimu ya watu wazima: Kiingereza, kusoma na kuandika, hesabu, kujiandaa na GED. Hela inatoka serikali kuu, inapita jimboni, inaenda kwa chuo cha jamii (community college), wilaya ya shule au shirika, na hao ndo wanatafuta chumba. Maktaba inatoa chumba. Kuna maktaba zinazopokea hela hiyo zenyewe na kuajiri walimu wao, ila kwa nyingi mwalimu unayemwona mle ndani ameajiriwa na chuo, daftari la mahudhurio ni la chuo, na hata ukimlalamikia mkutubi kuhusu mwalimu hana la kufanya zaidi ya kukupa namba ya simu.

Sasa ile habari ya kupimwa. Watu wetu wengi wanakasirika, mtu anasema nimekuja kusoma mnanipa mtihani, nikijua si nisingekuja. Ukweli ni kwamba hela ya serikali ina sharti, lazima waonyeshe umeingia ukiwa kiwango gani na umetoka kiwango gani. Kwa Kiingereza mara nyingi wanatumia mtihani unaitwa CASAS, kwa hesabu na kusoma unakuta TABE. Haufeli. Unapangwa tu. Baada ya masaa kadhaa ya darasa unapimwa tena, na kile ulichopanda ndo ripoti yao. Ndo maana ukikosa kosa darasani wanakupigia simu kwa wasiwasi utadhani mama yako, kila mwanafunzi anayepotea kabla ya kupimwa mara ya pili ni shimo kwenye ripoti. Na ndo maana madarasa hayo yana msimu wa kuingia, huwezi kuingia Jumatano yoyote unayojisikia.

Wakati huo huo jengo hilo hilo unaweza kukuta meza ya maongezi ya Kiingereza kila Alhamisi, hamna mtihani, hamna daftari, unaingia unakaa unaongea habari za hali ya hewa na Mkolombia na Myukreini. Hiyo ni ya maktaba yenyewe, inaendeshwa na watu wa kujitolea, mara nyingi walimu wastaafu. Darasa hili na lile yanaonekana pacha kumbe ni baba mbalimbali. Mimi namwambia kila mtu aanze na meza ya maongezi wiki ile ile aliyofika, huku anasubiri tarehe ya kupimwa ya darasa la chuo. Kuna waliosubiri miezi miwili nyumbani wakati meza ipo wazi kila Alhamisi.

Haya tuje kwenye GED yenyewe. Huu ni mtihani ulianza 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokatiza shule kwenda vitani. Sa hivi una masomo manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, unafanywa kwenye kompyuta, alama zinaanzia 100 hadi 200 na kupasi ni 145 kwa kila somo. Unaweza kufanya somo moja moja, ukifeli moja unarudia hilo tu. Bei na masharti ni mambo ya jimbo, New York kwa mfano ni bure kwa wakazi, majimbo mengine unalipa kwa kila somo. Na kuna majimbo yana mtihani mwingine unaitwa HiSET, kazi yake ile ile. Maktaba inakuandaa, haitungi mtihani wala haisahihishi. Chache tu ndo zina chumba cha kufanyia.

Afu kuna kitu cha tatu ambacho watu wanakichanganya na GED, kinaitwa Career Online High School. Los Angeles ndo maktaba ya kwanza kukitoa, 2014. Hii ni diploma kamili ya sekondari, unasoma onlaini, inaweza kuchukua mpaka miezi 18, na maktaba inakulipia kama ufadhili. Nafasi ni chache, kuna somo la majaribio kabla, na kama ulisoma sekondari Marekani ukaacha njiani wanahamisha masomo uliyopasi. Kwa mtu aliyemaliza kidato cha pili Bukavu hicho cha kuhamisha hakimsaidii sana, na Kiingereza cha kujisomea peke yako usiku baada ya shifti si mchezo. Kwa maoni yangu, kama Kiingereza bado, GED na mwalimu wa kukutana naye uso kwa uso inakufaa zaidi. Kama kompyuta na lugha vimeshakaa vizuri na kinachokusumbua ni mitihani ya siku moja, basi hiyo diploma ya onlaini. Nafasi zenyewe si kila maktaba inazo, ulizia.

Mwenyeji wa tatu ni ofisi ya kazi, American Job Center, majina yanabadilika kila jimbo. Hawa hela yao ni ile ile WIOA ila sehemu ya kwanza, na sheria inaitaja maktaba kama mshirika anayeweza kukaribishwa. Kwa hiyo unakuta siku fulani kuna mtu wa ofisi ya kazi ameweka meza maktaba na bango lake la kukunjua. Mtofautishe na mkutubi. Mkutubi atakusaidia bila kukuuliza wewe ni nani. Huyu wa ofisi ya kazi akianza kukuandikisha kwa mafunzo ya kulipiwa atataka kuona kibali cha kufanya kazi, sheria inamtaka hivyo, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamo kwenye orodha. Faida yake ni kwamba yeye ana hela ya kukusomesha, mkutubi hana. Anaweza kulipia kozi ya udereva wa lori au ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kama unafikia vigezo. Kuhusu ile sehemu ya pili, ya madarasa, hapo zamani haikuwa na swali hilo la makaratasi kwa serikali kuu, ila Julai 2025 wizara ya elimu ilitoa tafsiri mpya ya kubana, majimbo 20 na Washington DC yakaenda mahakamani, kwa hiyo ulizia jimboni kwako kabla hujaamini cha mtu wa WhatsApp, na mimi nikiwemo.

Hapo kwenye lori na CNA panataka maelezo, manake nusu ya watu wetu wako njia hizo mbili. Maktaba ina mazoezi ya mtihani wa CDL, leseni ya kuendesha lori, bure, ya maandishi, unafanya mpaka unaota alama za barabarani. Lakini toka Februari 2022 sheria ya shirikisho inataka anayeanza asome kwa mkufunzi aliyesajiliwa kabla ya kupimwa barabarani, kwa hiyo maktaba inakufikisha kwenye leseni ya mwanafunzi, inaishia hapo. CNA hivyo hivyo, shirikisho linataka mafunzo yasiyopungua masaa 75, majimbo mengi yanaongeza. Kitabu cha maktaba kitakusaidia kujua jina la kila kifaa kwa Kiingereza kabla hujaingia darasani, na hicho si kidogo, ila masaa utayafanya kwingine. Na kama una digrii ya kwenu, uuguzi wa Muhimbili au uhasibu wa Kinshasa, maktaba haitathmini vyeti, hiyo ni kazi ya mashirika kama WES, unalipia, mkutubi atakuonyesha wapi na namna ya kuomba nakala kutoka chuo chako.

CV nayo ni somo. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Juu picha ya pasipoti, chini yake tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini, afya nzuri, afu elimu kuanzia shule ya msingi, mwisho wadhamini watatu, wa kwanza paroko. Mkutubi mmoja mama wa makamo alikaa na mimi nusu saa, unaweka miadi tu, akachukua kalamu. Picha, mstari. Tarehe ya kuzaliwa, mstari. Ndoa, dini, mstari, mstari. Akanieleza kwamba mwajiri hapa akiona hivyo vitu anaogopa, kuna sheria ya 1964 inayokataza kubagua kwa dini, rangi, jinsia na ulikotoka, na ya 1967 inayolinda waliofika miaka 40, kwa hiyo bora asivione kabisa asije akashtakiwa. Wadhamini, mstari, "watawaomba wenyewe." Ikabaki nusu ukurasa na nilihisi nimevuliwa nguo. Afu akaniuliza lile duka la shangazi ulilosimamia, lilikuwa na bidhaa ngapi, ulishika hela kiasi gani kwa siku, ulifunza wasaidizi wangapi. Sijawahi kufikiria hivyo. Duka la shangazi likajaza ule ukurasa.

Akaniambia na kitu kingine, makampuni makubwa yanatumia programu ya kuchuja kabla mtu hajasoma, inatafuta maneno yaliyomo kwenye tangazo, kwa hiyo kama tangazo limesema "inventory" na wewe umeandika kuhesabu vitu kwa maneno mengine, unaweza kupitwa. Tumia maneno yao pale yanapokuwa ya kweli kwako. Alichokataa ni kunijazia fomu. Hawezi kugusa namba yangu ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, hawezi kuandika sahihi yangu, na kwenye fomu za uhamiaji hawezi hata kuniambia nitie tiki wapi, manake huo unakuwa ushauri wa sheria na yeye si mwanasheria. Watu wanaona ni roho mbaya. Lakini huyo anayekujazia kwa dola 200 nyuma ya duka la vyakula ndo anayefukuzisha watu nchini. Kuna maktaba chache zimeomba kibali wizara ya sheria ili wafanyakazi wao wasaidie kihalali, Hartford kule Connecticut wana kitengo chao The American Place toka 2000, wanafundisha uraia na wana kibali hicho. Tukiwa hapo hapo, kama unasomea uraia angalia kijitabu ulichoazima ni cha lini, waliowasilisha maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya, maswali ya kusoma ni 128, unaulizwa mpaka 20 na unatakiwa upate 12, ule wa zamani ulikuwa 100, unaulizwa 10, unapata 6. Rafu za maktaba bado zina vya zamani vingi.

Mwenyeji wa nne ni makampuni. Hayaonekani, yamo ndani ya tovuti ya maktaba. Maktaba inalipia kwa mwaka, wewe unaingia kwa namba ya kadi. Kozi za LinkedIn Learning, mwalimu wa moja kwa moja wa Brainfuse anayekukagulia CV usiku, mitihani ya mazoezi ya kila aina. Ukilipia mwenyewe hivyo vitu utakoma. LinkedIn Learning iliwahi kuleta ugomvi, 2019 walitaka kila msomaji wa maktaba afungue profaili yao, chama cha maktaba cha Marekani kikapinga kwamba hiyo ni kuvunja siri za wasomaji, kukawa na mvutano, baadaye ikaja njia ya kuingia kwa kadi na PIN tu. Tahadhari yangu hapa ni moja: kile cheti unachoprinti mwisho wa kozi ni cha kumaliza kozi. Nimemwona kijana kaweka fremu cheti cha uhasibu cha masaa matatu afu anashangaa haitwi. Kiweke kwenye CV, sawa, ila leseni ni kitu kingine.

Na mwenyeji wa tano ni hela yenyewe inayokaa juu ya wote. Kuna wakala wa serikali kuu unaitwa IMLS, ulianzishwa 1996, unapeleka ruzuku kwa kila jimbo, na jimbo ndo linanunulia programu hizo maktaba zake zote kwa pamoja. Machi 2025 Trump alisaini amri ya kuupunguza kadri sheria inavyoruhusu, majimbo yakashtaki. Maktaba yako haikufungwa kwa sababu kodi ya kaunti ipo, ila mtu wa kijijini Maine au South Dakota ambaye maktaba yake ina mkutubi mmoja ndo aliyesikia uchungu, manake yeye hiyo programu ya CV ilikuwa inatoka jimboni. Kwa hiyo ukikuta kitu ulichotumia mwaka jana hakipo, uliza kilikuwa kinalipiwa na nani.

Swali hilo hilo ndo nilimfundisha dada yetu. Tulirudi ile Jumanne, akapimwa CASAS, akaambiwa Kiingereza kwanza, mwaka mzima. Alhamisi akawa anaenda meza ya maongezi, watoto wanakaa upande wa vitabu vya picha. Sa hivi akifika kaunta anauliza kabisa, hili darasa ni lenu au la chuo, na binti wa kaunta anacheka anamjibu. GED ameshapasi lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Hesabu alipata 141. Juzi kanipigia simu kutoka kile chumba cha kujifungia, anataka nimweleze kwa Kiswahili mteremko wa mstari ni nini, nikamwambia ngoja nikupigie, nikaenda kumuuliza mwanangu.